Unataka kudai ardhi ya baba, mama au ndugu aliye mbali? Anza na karatasi inayosema wewe ni nani

Shauri la shamba la baba yetu lilikaa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya miezi 14 na katika miezi yote hiyo hatukufika hata siku moja kwenye swali la shamba ni la nani. Tulikuwa na mkataba wa mauziano wa kuandikwa kwa mkono wenye muhuri wa kijiji, tulikuwa na wazee watatu majirani wa mpakani wapo tayari kutoa ushahidi, yaani kila kitu kipo, kasoro kitu kimoja tu, mimi niliyefungua shauri sikuwa na karatasi yoyote inayosema nina haki ya kumsemea marehemu. Wakili wa upande wa pili akaweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kuzuia kesi kabla haijasikilizwa, ukurasa mmoja na nusu tu, mwenyekiti wa baraza akalisoma halafu akaniangalia akaniuliza, "wewe unasimama hapa kama nani?" Nikajibu mimi ni mtoto wake mkubwa. Basi, kesi iliishia hapo. Shauri likaondolewa tukaambiwa turudi tukishajipanga, na huku nyuma aliyevamia ameshapanda mihogo mpaka pembeni ya kaburi la bibi.

Ndo maana naandika hii. Wengi wanaingia kwenye mgogoro wa ardhi ya mtu mwingine, baba, mke, kaka yuko Oman, bibi hawezi kutembea, na wanafikiri kuwa damu moja naye inatosha. Haitoshi jamani. Na inauma sana kupoteza mwaka mzima na nauli na hela za wakili kwa kitu ambacho ungekipata kwa kutulia mwanzoni. Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana Mahakama yao ya Ardhi na taratibu zao.

Swali la kwanza kabisa jiulize hivi: mwenye ardhi yupo hai au ameshafariki? Njia ni mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya kila siku.

Mwenye ardhi yupo hai

Hapa unatakiwa uelewe vitu viwili ambavyo vinafanana ila sio kitu kimoja. Kuna kuhudhuria kwa niaba ya mtu, na kuna kuwa na haki ya kudai. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinaruhusu mtu kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya aje mwenyewe, au awakilishwe na wakili, au ndugu yake, au mtu anayeishi naye nyumba moja. Watu wakisikia hicho wanafurahi, wanaenda kufungua shauri kwa majina yao wenyewe. Hapana. Kile kifungu kinakupa ruhusa ya kukaa pale mbele na kuongea, mwenye dai anabaki kuwa yeye. Ardhi ya mama ikiporwa, mwombaji kwenye shauri ni mama, jina la mama ndo linaandikwa juu, wewe unaandikwa kama mwakilishi wake. Ukijiandika wewe kama mwombaji utaulizwa hii ardhi ni yako lini ulinunua, na utakosa jibu.

Kama mama yupo hapohapo wilayani ila amechoka au haoni vizuri, njia nyepesi ni hii: mama aandike barua kwamba fulani ni mwanangu namruhusu anisemee kwenye shauri hili, aweke sahihi au dole gumba, mpeleke kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa apige muhuri kwamba anawafahamu na ni mama na mwana kweli, na kama kuna karatasi ya hospitali ibandike nyuma. Siku ya kwanza shauri linapotajwa mama aje mwenyewe kama anaweza hata kwa bajaji, aseme mbele ya mwenyekiti kwa mdomo wake. Halafu wewe omba iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yanayosemwa mle ndani. Hili la kuandikwa usilione dogo, maana mwenyekiti anaweza kuhamishwa, anakuja mwingine, na yule mpya anasoma faili tu, hakuwepo siku mama anasema.

Kwenye Baraza la Kata ni hivyohivyo, pale mawakili hawaruhusiwi kabisa kusimamia mtu, ila baraza linaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja kama mhusika mwenyewe ameomba. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya nani mshindi kwenye ardhi, kazi yake ni kusuluhisha, wakishindwa wanakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana ndo unaenda nacho Baraza la Wilaya, na zikipita siku 30 hawajasuluhisha unaweza kwenda bila hicho cheti.

Sasa kama mwenye ardhi yupo mbali, yuko Muscat, yuko Marekani, au yuko tu Mwanza na shamba lipo Tanga na hawezi kuja kila linapotajwa, hapo barua ya kawaida ni nyepesi mno. Unahitaji hati ya uwakilishi, wengine wanaiita nguvu ya kisheria. Hii nataka nikae nayo kidogo kwa sababu nimeona nyingi zimeandikwa hovyo, mtu anachukua sampuli kwenye simu, anabadilisha majina, anaprinti.

Hati nzuri inasema wazi nani anampa nani, na majina yafanane na NIDA na yafanane na yaliyo kwenye hati ya ardhi. Kama kwenye hati miliki kaka ameandikwa majina mawili na kwenye pasipoti ana matatu, au herufi zimepishana, tengenezeni kabisa kiapo cha kuthibitisha kwamba hayo majina ni ya mtu mmoja, msisubiri muulizwe. Halafu ardhi itajwe yenyewe, kiwanja namba fulani kitalu fulani, au kama ni shamba lisilopimwa basi kijiji, kitongoji, ukubwa wa kukadiria na majirani wa pande zote nne. Usiandike "mali zangu zote zilizopo Tanzania", hiyo inamtisha hata aliyekupa. Halafu yaandikwe mamlaka moja moja: kufungua shauri au kujibu shauri kwa jina langu, kusaini nyaraka, kuhudhuria, kuweka wakili, kukubali au kukataa suluhu, kukata rufaa. Rufaa muitaje kwa jina, kwa sababu kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 45 tu, na sio muda wa kuanza kutafutana na mtu aliyeko meli au kazini Dubai ili aandike hati nyingine.

Mfano wa maneno, rekebisha yaendane na ya kwako:

"Mimi (majina matatu), wa (anuani), ambaye kwa sasa naishi (mji na nchi) kwa sababu ya kazi, namteua ndugu yangu (majina matatu), mwenye kitambulisho namba (namba), kuwa mwakilishi wangu wa kisheria katika mgogoro wa ardhi unaohusu (maelezo ya ardhi) dhidi ya (jina), na nampa mamlaka ya kufungua au kujibu shauri kwa jina langu katika Baraza au Mahakama yoyote, kusaini nyaraka za shauri hilo, kuhudhuria, kuweka wakili na kukata rufaa. Hati hii haimpi mamlaka ya kuuza, kuweka rehani, kugawa wala kuhamisha ardhi hiyo kwa namna yoyote."

Ile sentensi ya mwisho mimi naiona ni ya muhimu kuliko zote. Nimeshuhudia familia mbili zimevunjika kwa sababu ya hati iliyotolewa kwa ajili ya kesi halafu ikatumika kuuzia. Na wewe unayewakilisha inakulinda pia, hakuna shangazi atakayekuja kukunong'ona kwamba una lako jambo.

Na ile sababu, "kwa sababu ya kazi", "kwa sababu ya ugonjwa", iweke. Kuna maamuzi ya mahakama yaliyokataa mwakilishi mwenye hati kwa kuwa aliyempa yupo mzima na yupo karibu tu, anaweza kuja mwenyewe. Usiwape upande wa pili hicho kijisababu.

Kusaini ni mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha, mtoaji mwenyewe akiwepo pale, sio kutumiana kwa WhatsApp halafu wakili anapiga muhuri mtu hajamuona. Aliyeko nje aende ubalozi wetu kama upo, au kwa mthibitishaji wa nchi ile, halafu atume karatasi yenyewe halisi kwa mtu au kwa kampuni ya vifurushi. Ikifika huku ilipiwe ushuru wa stempu, kwa hati iliyosainiwa nje ni ndani ya siku 30 tangu iingie nchini, kwa sababu hati isiyo na stempu inaweza kukataliwa isipokelewe kama kielelezo, na hapo utakuwa umeshapanga mashahidi umeshawalipia nauli. Kama ardhi ina hati miliki, mimi nashauri isajiliwe kabisa kwa Msajili wa Hati. Inakula muda kidogo ila inafunga mdomo.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana, hati ya uwakilishi inakupa mdomo, haikupi macho ya mwenzako. Kama kaka ndo alikuwepo siku ya kununua akahesabu hela na akaonyeshwa mipaka, wewe huwezi kwenda kusimulia kana kwamba ulikuwepo, utaambiwa huo ni ushahidi wa kusikia. Tafuta aliyekuwepo, muuzaji, shahidi aliyesaini, mjumbe wa zamani. Au kaka mwenyewe apange likizo yake iangukie siku ya ushahidi, hata siku moja tu.

Na hati hii inakufa na aliyeitoa. Siku anafariki, mamlaka yako yameisha dakika hiyohiyo hata kama kesi ipo katikati na imebaki hukumu. Usiendelee kuhudhuria kimyakimya. Toa taarifa barazani, anzeni mirathi haraka, na msimamizi atakayeteuliwa aombe kuingizwa kwenye shauri badala ya marehemu ndani ya siku 90. Nayajua maumivu ya kuzika na kukimbilia mahakamani ndani ya mwezi mmoja, lakini hizo siku haziwasubiri muanue matanga.

Mwenye ardhi ameshafariki

Hapa ndo nilipoangukia mimi. Nilikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, kurasa mbili, watu 11 wamesaini, baba mdogo mwenyekiti wa kikao, umeandikwa vizuri kabisa kwamba "kikao kimempendekeza fulani kusimamia mali za marehemu". Soma hilo neno tena, *kimempendekeza*. Ukoo unapendekeza, anayeteua ni mahakama. Ule muhtasari ni tiketi ya kukuingiza mahakama ya mirathi, sio tiketi ya kukuingiza kwenye kesi ya ardhi. Mjane hawezi kufungua shauri la ardhi ya marehemu kwa sababu tu ni mjane, mtoto hivyohivyo, hata kama mpo wawili tu duniani. Anayeruhusiwa kudai au kudaiwa kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, au mtekelezaji wa wosia aliyethibitishwa na mahakama.

Njia ya kuupata huo usimamizi sio ngumu kama watu wanavyotishana. Cheti cha kifo kutoka RITA kwanza, sio kibali cha mazishi. Kikao cha ukoo na muhtasari wake. Barua ya mtendaji. Halafu mnaenda mahakama yenye mamlaka kwenye eneo ambalo marehemu alikuwa anaishi mpaka anafariki, sio lazima iwe lilipo shamba. Mahakama ya Mwanzo inashughulika na mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama marehemu alikuwa Mkristo na maisha yake hayakuwa ya kimila, ulizeni vizuri kabla ya kulipa, inawezekana sehemu yenu ni Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, na uteuzi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka unaweza kuja kufutwa miaka mitano baadaye ukaanguka na kesi yako ya ardhi juu yake. Mahakama ya Mwanzo mnajaza fomu ya maombi, linatoka tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku ya kusikilizwa warithi wanahojiwa, wadhamini wanasaini, na kama hakuna ubishi unapewa Fomu Namba IV, yaani barua ya mahakama ya kukuteua msimamizi. Karatasi moja tu. Mimi siku nilipoipokea nilikaa kwenye benchi nje ya mahakama nikaisoma mara tatu, jina la baba, jina langu, namba ya shauri la mirathi, muhuri bado una wino mbichi, nikawa naogopa kuikunja. Miezi 14 yote ilikuwa inasubiri kile kikaratasi.

Sasa ukishaipata bado unaweza kuharibu, kwa hiyo nisikilize hapa vizuri.

Tarehe. Fomu yako iwe imetolewa kabla ya tarehe ya kufungua shauri la ardhi. Kuna watu wanafungua kesi kwanza ili "kuwahi", halafu wanatafuta usimamizi kesi ikiendelea. Siku ulipofungua hukuwa msimamizi, na kesi inapimwa siku ilipofunguliwa.

Jina. Kwenye maombi andika jina lako na mara moja ufuatishe "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani". Na ndani ya maelezo uwe na aya inayosema uliteuliwa na mahakama gani, shauri la mirathi namba ngapi, tarehe ngapi, na nakala ya Fomu Namba IV iambatishwe palepale. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kutaja tu wewe ni msimamizi bila kuambatisha uteuzi ni maneno matupu. Mimi naenda mbali zaidi, nashauri hata Baraza la Kata mwende mkiwa tayari na fomu mkononi, ili cheti cha kushindwa usuluhishi kiandikwe kwa jina lilelile na cheo kilekile, maana kama kwenye cheti umeandikwa wewe binafsi na kwenye maombi umeandikwa msimamizi, upande wa pili utasema huyu aliyesuluhishwa ni mtu mwingine.

Orodha ya mali. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke Fomu V ya orodha ya mali na Fomu VI ya hesabu. Lile shamba la mgogoro liandikwe humo, na pembeni muandike lipo kwenye mgogoro. Ukiliruka, wakili mjanja ataiomba ile orodha na kukuuliza mbona wewe mwenyewe hukulitaja kuwa ni mali ya baba yako. Na kama muda hautoshi kwa sababu ya kesi, rudi mahakamani ukaombe kuongezewa, usikae kimya. Kwa sababu mirathi ikishafungwa, usimamizi wako umeisha, huwezi kuibuka miaka sita baadaye na fomu ileile. Kama shamba lilishagawiwa mrithi, basi huyo mrithi ndo adai kwa jina lake.

Halafu muda. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa anaimiliki marehemu mpaka anafariki, saa inaanza kuhesabu siku aliyofariki, *sio* siku uliyoteuliwa. Baba amefariki 2012, mmegombana mirathi mpaka 2025, mkapata msimamizi, mkaenda kwa furaha, mmechelewa. Tafadhali wale ambao mpo kwenye "tutakaa kikao Krismasi tukikutana wote", pigeni hesabu leo.

Na kinyume chake pia, kama unayetaka kumshtaki ndo amefariki, usiandike jina la marehemu kama mjibu maombi. Kesi dhidi ya maiti haipo. Mtafute msimamizi wa mirathi yake.

Mengine kwa kifupi. Mkiwa kundi, mfano wanakijiji 40 mnadai eneo moja, hamuwezi kuchagua watatu mkutanoni na kwenda nao, kuna kibali cha mahakama kinaombwa kwanza ili hao watatu wawakilishe wengine, na majina ya wote na sahihi zao ziwepo. Ardhi ya kanisa au msikiti inadaiwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, sio mchungaji wala imamu kwa jina lake. Mtoto wa chini ya miaka 18 anasimamiwa na mtu mzima ambaye maslahi yake hayagongani na ya mtoto, kwa hiyo baba mdogo aliyekalia nusu ya kiwanja hafai.

Na kaeni mbali na vishoka. Wale wanaokaa chini ya mti nje ya baraza na bahasha, anakwambia nipe 150,000 nakuandikia na nakusimamia. Sio ndugu yako, sio wakili, hana kifungu kinachomruhusu kukusimamia, na akishaandika jina vibaya ni wewe unayelia. Kama hela ya wakili hakuna, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa mpaka wilayani, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au halmashauri. Hawa watakuandikia bure, na wengi wana moyo kweli, aliyenisaidia mimi mara ya pili alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekagua kila herufi ya jina la baba kwa rula.

Siku ya baraza beba Fomu au hati halisi, toa nakala iliyothibitishwa, halisi ionyeshwe halafu irudi mkononi mwako. Weka nakala nyingine nyumbani kwa mtu mwingine kabisa.

Kama umesoma mpaka hapa na umegundua kesi yako tayari ipo barazani na ina hili tatizo, usisubiri pingamizi lije. Nenda siku inayotajwa, omba mwenyewe kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya, na hakikisha hayo maneno "kwa ruhusa ya kufungua upya" yameandikwa kwenye amri. Chukua nakala ya amri hiyo siku hiyohiyo ikiwezekana, halafu kutoka pale nenda moja kwa moja mahakama ya mirathi.